Nani anakumbuka? Njia za kumfunza mtoto kujitegemea, zikilinganishwa kutoka nyumba moja ya Mombasa

Soksi nyeupe ndiyo iliyonifungua macho. Saa kumi na mbili asubuhi, gari la skuli liko chini linapiga honi, nasi tuko orofa ya tatu hapa Tudor tunaitafuta. Binti yangu wa gredi ya 6 amesimama mlangoni, ananingoja mimi niione. Ndugu yake wa gredi ya 3 amekaa kochini anyooshe miguu nimfunge kamba za viatu. Watoto hawa si wavivu. Jana yake binti alikuwa ameosha vyombo, ameanua nguo na ameenda dukani mara mbili. Lakini kila kimoja katika hivyo nilimwambia mimi. Nikaona kwamba nyumbani kwetu kazi tumezigawana, ila kukumbuka hatujakugawana. Kukumbuka kote ni kwangu.

Tangu siku hiyo, kila njia ya malezi ninayoisikia kwa majirani, kwa walimu au kwa mamangu naipima kwa maswali mawili. Baada ya miezi mitatu, nani atakuwa anaikumbuka kazi hii, mimi au yeye? Na akikosea, hasara yake ni ya kiasi gani? Swali la kwanza hunisukuma nimwachie. La pili hunizuia nisimwachie barabara kama ninavyomwachia vyombo. Njia ninazolinganisha hapa ni zile nilizozijaribu mwenyewe au nilizoziona zikijaribiwa karibu nami, na nitasema wazi ninakoegemea.

Kusema kila siku, karatasi ukutani, au adhana

Kusema ndiko tulikokulia. Hakuna gharama, na huanza kufanya kazi leo hii. Mtoto wa miaka minne mitano hana njia nyingine: usipomwambia avue viatu nje, ataingia navyo. Ubaya wake ni kwamba mtoto huzoea kungoja sauti. Jioni moja nilijihesabu, nikakuta kati ya alasiri na kulala nimetoa agizo mara 17, mengi yao ni yale yale ya jana.

Nikahamia karatasi. Nilibandika manila kando ya friji, majina juu, kazi chini, na nafasi ya kutia alama. Wiki mbili mambo yakawa mazuri. Wiki ya tatu nikajikuta nauliza, "Mmeangalia karatasi?" Nilikuwa nimeacha kukumbusha vyombo, sasa nakumbusha karatasi. Rafiki yangu wa Mikindani karatasi yake imedumu zaidi ya mwaka. Nilipoiona nilielewa sababu: watoto wake waliiandika wenyewe kwa mwandiko wao, wakabishana nani achukue nini, na yeye hakuweka hata nukta. Yangu ilikuwa amri ya mama iliyochorwa vizuri.

Njia ya tatu ni kuifunga kazi na jambo ambalo litatokea lenyewe, upende usipende. Sisi Mombasa tuna bahati, siku yetu imeshagawanywa. Kwangu, adhana ya alasiri ni kukagua pipa la maji. Kabla ya magharibi nguo zianuliwe. Baada ya isha mkoba wa skuli ufungwe na ukae mlangoni pamoja na viatu, soksi zikiwa ndani ya viatu. Jirani yangu ambaye ni Mkristo anatumia taarifa ya habari ya saa moja usiku: muziki ule ukilia tu, mwanawe anajua ni wakati wa kupiga pasi shati la kesho. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mengi miaka ya 1990 juu ya mipango ya namna hii, "kikitokea hiki, nitafanya kile", na majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba watu huitimiza zaidi kuliko nia tupu ya "nitafanya". Mamangu hakumsoma, lakini sisi tulipokuwa wadogo alikuwa akisema tu, "Magharibi isikukute na ufagio mkononi."

Neno moja juu ya pipa, kwa sababu maji ya bomba huku kwetu huja kwa zamu na kila mtoto anashirikishwa. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Hiyo si kazi ya mtoto wa gredi ya 3, hata akijitolea. Mpe dumu la lita 5 aende mara nne.

Kumlipa, au kazi iwe yake bila malipo

Hapa ndipo tuliposhindana sana mimi na mume wangu, na ndipo ninapoulizwa zaidi na kina mama wenzangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hoja ya kulipa inaeleweka. Mume wangu anafanya shifti bandarini, na kwake yeye mkono mtupu haulambwi. Mtoto akipewa shilingi 10 kwa vyombo atajua pesa hutoka wapi, atajifunza kuhesabu, ataweka akiba. Tulijaribu muhula mzima. Vyombo shilingi 10, kufagia ukumbi 5, kuanua na kukunja nguo 5. Mwezi wa kwanza nyumba iling'ara. Kisha ikaja Idd, shangazi yao akawapa shilingi 200 kila mmoja. Siku mbili baadaye sinki limejaa, nikamwita binti. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, leo sihitaji pesa."

Sikuwa na la kumwambia. Kwa hesabu tuliyomfundisha sisi wenyewe, alikuwa sawa. Tulipoweka bei kwenye vyombo, tulimpa pia haki ya kutouza.

Jambo hili limepimwa na watu makini. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea huko Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo watachora. Wengine walipewa cheti kile kile bila kuahidiwa kabla, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa kama nusu ya muda waliochora wenzao. Waliopewa cheti kwa ghafla hawakupoteza hamu yao.

Kuna lingine lililonigusa zaidi. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima asiyemjua kitu kilichomwanguka, bila kuombwa na bila kulipwa. Mwaka 2008 wakarudi na watoto wa miezi 20. Waliokuwa wakipewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia walisaidia kidogo baadaye kuliko waliosifiwa tu au wasiopewa chochote.

Kila mama anamjua mtoto huyo wa miezi 18. Ndiye anayeng'ang'ania ufagio mrefu kuliko yeye, anayetaka kuchambua mchele akaumwaga. Sisi humwambia, "Hebu toka, unanichelewesha." Nimesema hivyo mara nyingi, na kama ningeweza kurudisha siku zile ningempa sinia yake ndogo na konzi moja ya mchele akae kando yangu.

Je, malipo yote yafutwe? Hapana. Mimi hupika mahamri kwa oda siku za wikendi. Binti akikaa kwenye mbuzi akakuna nazi sita za mahamri ya wateja, hiyo ni kazi ya biashara. Analipwa, na analipwa siku hiyo hiyo jasho halijakauka. Kukuna nazi ya wali wetu wa mchana hakulipwi, maana wali huo na yeye anakula. Kanuni yetu sasa ni fupi na watoto wanaielewa: kazi ikiingiza pesa nyumbani, aliyeifanya ana sehemu yake, kazi ikiwa ya nyumba yetu, ni yetu sote.

Na zawadi? Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Sioni kama wanapingana na watafiti wa Stanford. Pete huja baada ya chanda kuonekana chema. Hakuna aliyeiahidi kabla.

Pesa za skuli: kila asubuhi au kila wiki

| | Shilingi 20 kila asubuhi | Shilingi 100 kila Jumapili |
|---|---|---|
| Nani anakumbuka | Mzazi, tena asubuhi wakati hakuna chenji | Mtoto |
| Akizimaliza mapema | Anangoja hadi kesho | Anangoja hadi Jumapili |
| Anachojifunza | Kununua | Kugawa na kujinyima |
| Zikipotea | Hasara ndogo | Wiki nzima imekwenda |
| Anayefaa | Chini ya miaka 8 au 9 | Gredi ya 4 kwenda juu |

Wiki ya kwanza ya shilingi 100, binti alizimaliza Jumanne mapumziko ya saa nne: mabuyu, barafu, viazi karai, na ukarimu wake kwa rafiki. Siku tatu zilizobaki alikula nilichomfungia. Alinitazama kwa huruma sana Jumatano asubuhi. Sikumwongeza. Kama utaongeza, bora ubaki na za kila siku, kwa sababu za wiki zenye kuongezwa humfunza mtoto kwamba wiki ina siku mbili.

Kuna shule ya pesa iliyokuwa bora kuliko hizi zote, nayo tunaipoteza: kutumwa dukani. Sisi tulitumwa na noti, tukakariri njiani "nusu kilo sukari, maharagwe robo, kibiriti kimoja", tukarudi na chenji ikahesabiwa mezani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na sasa kila duka lina namba ya kulipia, ni rahisi kumpigia mwenye duka, ukatuma pesa, mtoto akaenda kuchukua mfuko tu kama mjumbe. Duka ni lile lile na hatua ni zile zile, lakini kichwa chake hakikufanya kazi yoyote. Mimi bado naweka sarafu kwenye kikombe juu ya friji kwa ajili hiyo. Mdogo ndiye anayetumwa zaidi, na siku aliyorudi akasema, "Mama, amenizidishia shilingi 10, nimrudishie?" nilijua kile kikombe cha sarafu kina faida.

Mradi wa skuli: uufanye, ukae kando, au uondoke

Mtaala wa umilisi, huu tunaouita CBC, ulianza kusambazwa nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, na uwajibikaji ni mojawapo ya maadili yaliyoandikwa ndani yake. Pia unataka mzazi ashirikishwe. Sijaona neno lililochanganya wazazi kama hilo la kushirikishwa. Nimeona kina baba wakikata makatoni usiku wa manane, na foleni kwenye saiba Jumapili jioni ya watu wazima wanaochapisha picha za wanyama. Nilikuwa mmoja wao.

Tuanze na kumfanyia. Faida ipo, tusiidharau: kazi itakuwa nadhifu, mtoto hataaibika mbele ya wenzake, na wewe utalala mapema kuliko ukingoja amalize. Kwa mtoto mgonjwa au aliyepata msiba nitafanya hivyo bila kusita. Lakini tuulize lile swali langu. Muhula ujao, nani atakumbuka kwamba kuna mradi? Mtoto atataja tu usiku wa mwisho, kwa sababu kwake yeye kutaja ndiyo kazi yote.

Kuondoka kabisa, "hiyo ni kazi yako, mimi nilishasoma", kunaonekana ndiko kujitegemea kwenyewe. Nilikujaribu kwa hasira, na kijana wangu alilia hadi saa nne usiku juu ya karatasi ambayo hakujua aanzie upande gani. Kumwacha mtoto na kazi asiyoiweza kunamfunza kwamba kazi ni kitu cha kuogopwa.

Kukaa kando ndiyo njia ninayoichagua, nayo ni ngumu kuliko zote kwa mzazi kwa sababu mikono inakuwasha. Anayejua ujenzi wa huku kwetu amewaona mafundi wakifunga boriti za mikoko kuzunguka ukuta unaopanda. Boriti zile hazibebi nyumba. Zinambeba fundi tu afikie pale asipofika, na ukuta ukikauka zinafunguliwa moja moja. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika juu ya jambo hilo hilo kwa mfano huo huo, baada ya kuangalia watoto 30 wa miaka mitatu hadi mitano wakifundishwa kupanga vipande vya mbao viwe piramidi. Msaada aliotoa mfunzaji ulibadilika kwa umri: wadogo ilibidi waonyeshwe, wakubwa waliambiwa tu, kisha wakaachwa wakirekebisha wenyewe.

Kwa vitendo kwetu ni hivi. Nakaa meza ile ile na kazi yangu, nachambua mchicha au nahesabu oda zangu. Nauliza matatu: umeelewa wametaka nini, una vitu gani, ukikwama utafanya nini? Mkasi naushika pale tu penye hatari. Mwaka jana kijana aliambiwa atengeneze chombo cha usafiri kwa vitu vilivyotupwa. Akaokota karara la mnazi kwa babu yake, ambalo lina umbo la dau tayari, akalisimamishia kijiti, akakata tanga kwenye leso yangu kuukuu. Kufika skuli tanga limeanguka. Wenzake wawili walileta magari ya mabati yaliyotengenezwa na fundi. Yeye akaandikiwa "kukaribia matarajio", wao "kuzidisha matarajio". Iliniuma, nasema kweli. Nilitamani mwalimu amuulize kila mtoto alifungaje magurudumu. Lakini jioni ile, bila mtu kumwambia, alitoboa karara kwa msumari, akapitisha uzi, akalifunga tanga upya. Dau hilo liko juu ya kabati mpaka leo, na anaeleza kila mgeni kwa nini mara ya kwanza halikushika.

Tuliweka sharti moja juu ya miradi: inayohitaji kununuliwa kitu itajwe kabla ya magharibi ya Ijumaa. Ikitajwa Jumapili usiku, itafanywa kwa vilivyomo ndani. Imevunjwa mara mbili, na mara zote mbili ilikwenda na vilivyomo ndani.

Swali la kitabu kilichosahauliwa linaingia hapa. Kuna wiki nililipa bodaboda mara tatu kupeleka vitu skuli. Sasa sipeleki kitabu, sipeleki rula, sipeleki kitambaa cha sanaa. Dawa napeleka mbio, na miwani napeleka. Chakula cha mchana kwa mtoto wa gredi ya 3 ningepeleka, kwa wa gredi ya 6 ningempigia mwalimu kwanza nijue kama kuna mwenzake wa kugawana naye.

Tuisheni sina mengi ya kusema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kulazimishwa tuisheni za likizo. Kwa mtoto aliyebaki nyuma katika somo moja, mwalimu wa saa mbili kwa wiki ni msaada mkubwa. Ukimwajiri ili awe anasimamia kazi za ziada kila jioni, umenunua mtu mwingine wa kukumbuka.

Gari la skuli, miguu, au matatu

Hapa lile swali la pili ndilo linalotawala. Vyombo vikivunjika tutanunua vingine.

Gari la skuli ni salama kiasi, mzazi anajua mtoto yuko wapi, na kwa wanaokaa Bamburi au Mtopanga na skuli iko kisiwani huenda hakuna njia nyingine. Gharama yake ni pesa na usingizi: kanuni za elimu za mwaka 2015 zinaweka masomo ya skuli za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi, lakini mtoto wa kwanza kuchukuliwa na gari huwa yuko barabarani kabla jua halijatoka. Na ndani ya gari hana la kuamua.

Kutembea ndiko kunakofunza zaidi, na mahali pa kuanzia ni chuo, yaani madrasa, maana chuo kiko mtaani. Mwanangu mdogo alianza kwenda chuo peke yake akiwa na miaka 8. Wiki ya kwanza nilimshika mkono. Ya pili nilitembea hatua kumi nyuma yake, akajifanya hanijui. Ya tatu nilisimama penye kona ya fundi cherehani hadi akageuka. Ya nne nilibaki nyumbani, nikimwambia fundi na mama wa viazi kwamba mwanangu anapita. Mtaa wenye macho ndio gari letu la bure, na nadhani mzazi aliyehamia mtaa mpya angeanza kwa kuwasalimia watu hao kabla ya kumfundisha mtoto njia.

Matatu peke yake, mimi nimeweka miaka 12, tena safari isiyobadilisha gari, mchana, na mtoto anayeijua namba yangu ya simu kwa kichwa. Kwa watoto wa Likoni wanaovuka feri kuja kisiwani, waendao kwa miguu hawalipi, kwa hiyo kishawishi cha kumwachia avuke mwenyewe ni kikubwa. Lakini msukumano wa asubuhi pale kwenye mteremko, watu, mikokoteni na magari, si mahali pa mtoto wa gredi ya 4 peke yake. Avuke na mtu mzima anayemjua, au na kundi lenye mkubwa wao.

Dada wa kazi, na mvulana aliyekaa kochini

Ninaye dada wa kazi anayekuja siku tatu kwa wiki, na ninamheshimu. Bila yeye biashara yangu isingesimama. Kuna nyumba ambamo dada hufanya kila kitu, na nyumba ambamo watoto hufanya kila kitu mpaka hawana wakati wa kusoma wala kucheza. Sichagui yoyote kati ya hizo. Kwetu dada hafui soksi, chupi wala sare za watoto, hatandiki vitanda vyao, haondoi sahani walizolia. Nilimwambia hivyo mbele yao, ili asije akaonekana mkaidi wakimwomba. Ilinibidi pia nimwambie faraghani kwamba akiwafanyia kwa huruma hanisaidii.

La mvulana linanichoma zaidi. Tunawalea wasichana kukumbuka na wavulana kukumbushwa, halafu tunashangaa wakioa. Nimeambiwa na wanawake wenzangu, tena wenye mapenzi na mwanangu, kwamba kumpa mvulana sufuria ni kumharibu. Nawajibu kwa utafiti wa hapa hapa Kenya. Mwanaanthropolojia Carol Ember alikaa Oyugis miaka ya mwisho ya 1960, miongoni mwa Waluo, akaangalia wavulana ambao, kwa kukosa dada wa rika lao, walipewa kazi za ndani zinazohesabiwa kuwa za wasichana. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 yalionyesha wavulana hao walikuwa na ubinafsi na uchokozi mdogo kuliko wenzao. Hawakuharibika. Walijifunza kumwona mwingine.

Kwa hiyo kijana wangu anaosha vyombo zamu na dada yake, siku kwa siku, na Ramadhani yeye ndiye mwenye mkeka wa futari: kutandika, kupanga vikombe, kuhesabu tende. Mwaka wa kwanza alisahau tende mara nne. Mwaka huu alimkumbusha baba yake azinunue.

Bweni au kutwa

Wazazi wengi huniambia, "Nitampeleka bweni akajifunze kujitegemea." Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba inataka kuondoa bweni kwa gredi ya 1 hadi ya 9, na mjadala ukawa mkubwa. Mimi kwa watoto wa umri huo nasimama na kutwa, ikiwa nyumbani kuna usalama na skuli iko karibu. Bweni lina mema yake: mtoto atafua, atapanga sanduku, ataishi na wasiofanana naye. Kwa kijana wa miaka 15 au 16 anayeingia gredi ya 10, anayetoka kwenye nyumba yenye kelele au yenye ugomvi, linaweza kuwa rehema.

Ila tuulize tena nani anakumbuka. Bweni, kengele ndiyo inayokumbuka. Inamwamsha, inampeleka kuoga, inampeleka darasani, inazima taa. Nimewaona wapwa zangu waliokaa bweni miaka minne wakirudi likizo ya Agosti, wanalala hadi saa tano, nguo zao ziko sakafuni, kwa sababu kengele ilibaki skuli. Na nimemwona mwingine, wa kutwa, aliyekuwa akiamka alfajiri mwenyewe tangu gredi ya 5, akaingia bweni bila kutetereka.

Kama mwanao anakwenda bweni Januari na wewe bado ndiye unayemwamsha, una miezi ya kutosha. Mnunulie saa ya kengele, si simu. Mwache aitege mwenyewe, aiweke mbali na kitanda ili lazima ainuke kuizima. Mwambie mara moja tu kwamba kuanzia Jumatatu hutamwita. Jumatatu hiyo ikifika na kimya kikatanda chumbani mwake, kaa jikoni, unywe chai yako, uache gari liondoke.